Tuliwapikia Chakula cha Matanga

Walipotuletea ng'ombe wawili ili tusamehe, mimi ndiye niliyekabidhiwa upawa. Sijui nani aliwaambia kwamba napika vizuri. Kupika napika. Kusamehe ndiko nisikokujua, na hilo hakuna aliyeniuliza.

Nianze na yaliyotukuta, msije mkasema mama huyu ana roho mbaya bure. Roho mbaya ninayo, ila si ya bure. Tuliishi kando ya ghuba ya Tungue, kijiji cha minazi na nyumba za udongo, na sisi wanawake tulikuwa na mwamba wetu. Siku za bamvua maji yanapokwenda mbali kabisa, mwamba ulitoka wazi, tukashuka kuokota chaza na kuchokoa pweza mashimoni. Mama yangu alianza kushuka pale kabla hajavunja ungo. Mimi nilishuka kwanza nikiwa mgongoni mwake. Kisha gesi ikaonekana huko kilindini, mbali ambako jicho halifiki, na wakubwa wakasema kiwanda chake lazima kikae pale pale tulipokuwa tukilala sisi. Pwani yote hii ndefu, wakaona hapo.

Wakatuhamishia bara, kwenye bairo jipya, mtaa wa nyumba za matofali zilizopangwa mstari, zote zikitazama barabara, hakuna hata moja inayotazama upepo. Nyumba nzuri, sikatai. Choo kimo ndani. Lakini pweza hakai chooni. Kule ufukweni wakaweka uzio na geti, tukaambiwa siku za bamvua litakuja basi la kutupeleka mpaka mwambani. Basi lilikuja, siku lilipojisikia kuja, dereva akishamaliza chai na ofisi ikishafunguliwa, nasi tukifika tunakuta maji yanarudi. Tunalowesha kanga, tunageuza. Tukaomba tupite getini kwa miguu yetu, kwa saa ya maji. Wakasema hapana, ni kwa ajili ya usalama. Mama yangu, kikongwe mwenye kikapu, akawa hatari kwa usalama.

Hilo tu ndilo tulilolitaka, kupita getini kwa saa ya maji. Mama hakutaka kingine. Nyumba aliipokea, godoro akalipokea, akakaa barazani akitazama barabara, na kila mwezi unapoandama alikuwa anakosa usingizi, anajigeuza geuza, kwa sababu mwili wake ulijua maji yako wapi.

Aliyekuwa akituletea majibu ya geti ni binti mmoja wa kampuni, mtu wa bara, kwao Mueda. Alisoma. Kireno kilimtoka kama maji, na Kiswahili alikiongea kwa lafudhi ya huko juu. Ndiye aliyepita kule kijijini na kopo la rangi nyekundu, akiitia minazi alama, huu umehesabiwa, na huu umehesabiwa. Alipofika kwenye mnazi ambao chini yake kimezikwa kitovu changu, akaniamkia vizuri, shikamoo mama, kisha akaupaka rangi. Ile shikamoo ndiyo iliyoniua. Kama angenitukana ningemjibu, yakaisha. Nikamwekea kinyongo siku ile, nikakitunza kama mbegu ya msimu ujao.

Adui yangu wa pili alikuwa jirani. Nyumba niliyopewa imesimama juu ya shamba lake la muhogo. Wenyeji wa pale waliulizwa namna ile ile tuliyoulizwa sisi, yaani waliambiwa. Lakini jirani yangu hakuwa na kampuni mlangoni pake, alikuwa na mimi. Kila asubuhi alipita na jembe lake begani, akaitazama sebule yangu kama mtu aliyesahau kitu ndani. Salamu hakuna. Siku moja alisimama akaniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mwenzangu nimekupa na shamba." Nikamfungia mlango usoni. Ningefanya nini, nimwombe radhi kwa kosa la mtu mwingine?

Basi, tukiwa hivyo, wao wa kampuni huku wameturingia, na sisi na wenyeji huku tumenuniana, yule binti akaja na habari ya siku ya maridhiano. Kampuni na serikali wameandaa. Tutapatana sisi na kampuni, na sisi na wenyeji, kwa pamoja, siku moja. Wataleta ng'ombe, mchele, vitunguu gunia zima, mafuta ya kukaangia, kanga za sare, na watu wa ngoma. Halafu mama yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wanawake, atashika maikrofoni aseme kwamba tumesamehe.

"Neno moja tu, bibi," binti akasema. "Tumesamehe. Likishasemwa, tutakaa tuzungumze habari ya geti."

Sikia hiyo. Tusamehe kwanza, halafu tuzungumze tulichokosewa. Nilimtazama mama nikingojea amtimue. Mama alikuwa anachambua kunde kwenye ungo, wala mkono haukusimama.

"Siku gani?" akauliza.

"Tumefikiria Ijumaa, bibi. Chakula cha mchana."

"Si Ijumaa. Ngojeni mwezi uandame, iwe siku ya pili yake. Na kwetu sadaka haingoji mchana. Huliwa jua likipanda."

Binti akakubali, akafurahi, akaaga kwa adabu zote. Nikamgeukia mama nikiwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa kampuni nzima. Nikamwambia, mama, wamekununua kwa mchuzi. Akanijibu, "Wewe pika." Akaendelea na kunde zake.

Siku ng'ombe walipochinjwa tulikusanyika wapishi uani, sisi wahamiaji upande huu, wenyeji upande ule. Jirani yangu naye alikuwamo, ameletwa kama mwakilishi wa wenyeji, amenipa mgongo. Gunia la vitunguu liko katikati. Watu wamekaa na visu, wananitazama mimi mshika upawa. Nikasema, "Vitunguu hivi mie sivikaangi."

Kila aliyekuwapo alielewa. Kwetu nyumba yenye msiba haikaangi kitu. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ni harufu ya harusi, jirani akiisikia anajua pana furaha. Chakula cha matanga huchemshwa. Nyama kwa chumvi na maji, wali mweupe, basi. Mtoto wa kwetu aliyefumbwa macho ukimlisha tonge, atakwambia kama ametoka harusini au kwenye kilio.

"Tumefiwa na kijiji," nikasema. "Hakuna aliyekuja kutupa pole. Nitawapikia matanga, waje wale, washibe, wapige makofi juu ya maiti wetu, na sisi tuwatazame. Nikiwaona wanachekelea kwenye kilio nitapona kidogo."

Mmoja akasema mtatufungisha. Mwingine akasema kwani kuchemsha nyama ni kosa la polisi? Ndipo jirani yangu akageuka. Nilidhani anageuka kunisuta.

"Na mie nina maiti, shamba langu," akasema. "Unapolala wewe ndipo alipozikwa. Na kama ni matanga yawe matanga kweli. Watu wa ngoma warudi walikotoka. Viti viondoke, msibani watu hukaa mikekani. Ubani ufukizwe. Na atakayepiga kigelegele nitamtia upawa huo."

Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona meno yake. Tulicheka sote, wa huku na wa huko, mpaka mama akatoka ndani kuangalia kuna nini. Nikamsogezea jirani kibao changu cha kukatia nyama, tukakata pamoja. Walitumia vikao vingapi kutupatanisha, na wataalamu wao, na vipaza sauti vyao. Kumbe tulichokikosa ni mtu mmoja wa kumkomoa kwa ushirika. Tangu saa ile mimi na yule mwanamke ni ndugu, na muhogo wangu wa kwanza pale alinipandia yeye.

Shehe alisikia, akaja. Akasema kumsomea hitima asiyekufa ni kumwapiza, yeye hatasoma hata aya moja, na atakayeichezea Kurani atajua mwenyewe na Mola wake. Nikamwambia, shehe, kusoma hatusomi, tunachemsha. Akafikiri. Akasema kuchemsha si dhambi, lakini yeye siku hiyo atakuwa na safari.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Mnapika ya siku ya tatu au ya arobaini?"

Sikuwa nimefikiria. Ya siku ya tatu ni ya kufungua kilio, watu waje watoe pole. Ya arobaini ndiyo humaliza. Ikishaliwa, mfiwa anavua kaniki, na wenye maneno yao husameheana.

"Ya tatu," mama akasema. "Arobaini iacheni."

Asubuhi ya siku yenyewe wageni walikuja na msururu wa magari. Alikuwapo mkubwa wa mradi, mzungu mrefu mwenye uso mwekundu, na wakubwa wa serikali waliotoka kusini mbali, ambao pwani yetu wanaijua kwa ramani. Walishangaa hakuna viti, wakaambiwa ndiyo mila, wakavua viatu. Walikaa mikekani wamekunja miguu kwa taabu, soksi zinaonekana. Sisi wanawake tulikaa upande wetu, kanga za sare tumejifunika vichwani kama wafiwa, miguu tumeinyoosha, kimya. Chetezo kikapita. Mzungu alivuta ule moshi wa ubani kwa nguvu, akatabasamu, akasema ni manukato mazuri ya kukaribisha wageni.

Sinia zikaja. Wakala. Walikula hasa, wallahi. Mkubwa mmoja wa serikali alisifu kwamba chakula hakina mafuta, kinafaa kwa watu wenye presha. Wakamaliza, wakapiga makofi. Sisi hata mkono haukuinuka. Wakapiga tena, wakidhani hatukusikia. Jirani yangu alinibana paja kwa vidole mpaka nikapata alama. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa nimeshika kanga mdomoni, watu wakadhani nalia. Niliwatazama wale watu wakijilamba vidole kwenye kilio changu, nikasema moyoni, kuleni, na vizazi vyenu wale.

Kilichonitia nyongo ni yule binti. Yeye alichelewa, alikuwa barabarani akielekeza magari. Alipoingia uani alisimama ghafla. Nilimwona akivuta pua. Akatazama masufuria, akatazama vichwa vyetu, akatazama miguu yetu. Huko kwao Mueda wana mila zao, si zetu, lakini mtu aliyelelewa na bibi yake akifika msibani haambiwi. Nikamngojea. Nilitaka akimbilie kwa mabwana zake awanong'oneze, nipate sababu nyingine ya kumchukia.

Akavua viatu. Akatoa mtandio mkobani, akajifunika kichwa, akaja mpaka miguuni kwa mama, akakaa chini kwenye mchanga, si kwenye mkeka.

"Poleni, bibi," akasema. "Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa, mwanangu," mama akajibu.

Mwanangu! Nilitamani niizibe kwa mkono ile sauti ya mama. Binti hakugusa chakula. Alikaa kidogo kama mtu akaavyo kwenye kilio, kisha akainuka, akafunga kanga kiunoni juu ya suruali yake ya kazi, akachukua sufuria kubwa kuliko yote, akaenda kulisugua kwa mchanga. Ndivyo afanyavyo jamaa wa karibu. Nilimtazama akisugua, hasira zikanipanda upya. Nilimpikia mchezo wa kumwaibisha, naye ameingia ndani ya mchezo akachukua nafasi ya mtoto wa nyumbani.

Wakati wa hotuba wakamwita atafsiri. Mikono ina masizi. Mzungu akasema leo ni siku ya furaha, binti akasema kwa Kiswahili, anasema leo ni siku ya furaha. Hakuongeza wala hakupunguza. Halafu mzungu, kwa kutaka kutupendeza, akauliza chakula hiki kitamu kinaitwaje.

Binti akanitazama. Nikamtazama. Nilijua atasema wali na nyama, mambo yaishe. Akasema kwa Kireno, na Kireno hicho nilikielewa, kwani shule nilisoma kidogo: "Ni chakula cha matanga, bwana. Hawa wamefiwa. Tumekula msibani kwao."

Uso wa mzungu ulitoka rangi. Wakubwa wa serikali walitazamana, mmoja akafuta mdomo wake kwa haraka. "Nani amekufa?" mzungu akauliza. Maikrofoni ikapelekwa kwa mama, kwani ndivyo ratiba ilivyosema, mama aseme. Akaishika mbali na mdomo kama kitu kinachoweza kuuma.

"Kijiji," akasema. "Na mmekula. Kwetu aliyekula chakula cha matanga huwasindikiza wafiwa kaburini. Haya, twendeni."

Akasimama. Sisi tukasimama naye, ingawa hatukuwa tumepanga hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishia kwenye sufuria. Mkubwa wa serikali akaanza kueleza kwamba kule ni eneo la kazi, vibali havijaandaliwa, labda wiki ijayo. Kamera ya kampuni ilikuwa inaendelea kupiga picha. Binti akamgeukia mzungu, akasema taratibu kabisa, "Bwana, kwa mila ya hapa, anayekula msibani akakataa kwenda kaburini, huhesabiwa kwamba ndiye aliyemuua maiti."

Nikamnong'oneza jirani yangu alichosema, akanigeukia, macho yamemtoka. Mila hiyo haipo. Haikuwahi kuwapo. Binti aliitunga pale pale, uso mkavu, mikono ina masizi.

Mzungu akaitazama kamera, akaitazama mama. "Twendeni," akasema.

Tulipakiwa kwenye magari yao, yale yale yenye vioo vyeusi. Tulipofika getini walinzi walisimama wima wakatupigia saluti, na geti likafunguka hatujauliza. Mnazi wa kitovu changu haukuwapo. Palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa, na mashine, na vibendera. Niliapa pale kwamba sitasamehe, na kiapo hicho sijakirudisha. Tukashuka ufukweni.

Maji yalikuwa yameenda mbali. Mwamba wote ulikuwa nje, mweusi, unang'aa, kama tulivyouacha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama alikataa Ijumaa, na kwa nini sadaka iliwe jua likipanda. Hakuniambia wakati ule, wala baadaye. Aliingiza mkono chini ya kanga yake ya sare akatoa chuma chake cha kuchokolea pweza. Alikuwa amekaa nacho kiunoni kwenye karamu nzima, mbele ya wakubwa wa usalama. Akashuka mwambani bila kumtazama mtu, akikanyaga mahali pake pale pale. Sisi tukamfuata mbio. Vikapu hatukuwa navyo, tukatumia masinia. Jirani yangu, mtu wa jembe asiyewahi kuchokoa hata kaa, alikuja nyuma yangu akiteleza na kunishika kiuno, ananiuliza hiki kinaliwa, na hiki kinaliwa?

Wageni walisimama mchangani kwa viatu vyao mpaka maji yalipoanza kurudi. Jua liliwachoma, na hapakuwa na mti, kwani minazi walishaikata wao wenyewe. Niliwatazama kwa mbali. Utamu nilioupata siku ile sijaupata kwa kingine.

Mama alirudi na pweza wawili na chaza wa kujaa sinia. Mzungu akamsogelea, akasema maneno, na binti akayatafsiri. "Bibi, anauliza kama sasa mmesamehe."

"Mwambie kusamehe ni siku ya arobaini."

Mzungu alifurahi sana. Akamwambia mwenzake aitafute tarehe. Mama akamgusa binti mkono, hakuwa amemaliza.

"Mwambie pia arobaini huhesabiwa tangu maiti alipozikwa. Wangu sijamzika. Nimemkuta leo bado anapumua."

Binti alitafsiri neno kwa neno. Mzungu akageuka akaelekea kwenye magari. Tulirudishwa kwa magari yale yale, tukayanukisha pweza mpaka kwenye viti.

Baada ya hapo wakaruhusu tupite getini kwa miguu asubuhi za bamvua. Si kila mara. Mlinzi akibadilika tunaanza upya, mara anatuuliza vitambulisho, mara anatufungia. Kila wanapotufungia wanasema kwamba bado hatujaonyesha nia ya kuridhiana, na kila wanapofungua wanauliza arobaini lini. Mama alikuwa anajibu bado. Jirani yangu alikuwa anaongeza, "Za mwizi pia arobaini, mwambieni achague aanze na ipi." Yule binti aliacha kazi ya kampuni, au aliachishwa, sikuuliza. Ile rangi aliyoupaka mnazi wangu sijamsamehe. Lakini akipita kwangu anapewa kigoda, na kama kuna sufuria chafu analijua lilipo.

Yakaja mengine, bunduki na kukimbia, ambayo siyasemi hapa. Tukarudi. Mama alifariki kwenye ile nyumba ya matofali inayotazama barabara. Tukamsomea siku ya tatu, tukamsomea arobaini, shehe alikuwapo, tukamaliza yake kama inavyotakiwa. Ya kijiji haijasomwa.

Juzi kampuni imetuma mtu mwingine, kijana mpole, anaamkia vizuri. Ameleta ng'ombe na gunia la vitunguu. Anasema wanataka kuanza ukurasa mpya na wenyeji wa asili, na kwamba wamesikia mimi ndiye mwenye neno la marehemu mama. Nikamwambia ahsante mwanangu, mfunge pale.

Tumemchinja. Nilimwita jirani, tukakata nyama kwenye kibao kimoja. Vitunguu vya yule kijana tumegawana vya nyumbani. Ng'ombe tumemchemsha.